Amegonga Kichwa na Anasema Ako Fiti? Hivi Ndivyo Kasualti Hujua Ka Ni Noma

Kama ulicheki Taken, unamjua Liam Neeson. Hiyo muvi iliingia kumbi za Marekani Januari 2009. Machi ya mwaka huo huo bibi yake, Natasha Richardson, yule aliigiza mathe wa mapacha kwa The Parent Trap, alikuwa Quebec, Kanada, akijifunza kuteleza kwa theluji. Akaanguka, na si kwa mlima wa kutisha, ni kwa ile sehemu ya watu wanaanza. Hakuna damu, hakuna kidonda. Akaamka akicheka, ambulensi ikakuja ikaambiwa irudi. Kama saa moja hivi baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alikuwa ameaga, akiwa na miaka 45. Waliopima mwili walisema damu ilivujia kati ya fuvu na ubongo.

Sasa toa theluji, weka lami ya Outering, Ijumaa saa tano usiku. Beshte yako ametupwa na nduthi. Ameamka, amejipangusa vumbi, ameokota simu, na ameanza hata kumtusi mwenye Probox. Anakuambia, "Zii, niko fiti, nipeleke tu keja nidoz." Wewe ndio uko hapo. Unampeleka keja ama hosi?

Jibu liko kwa vile wasee wa kasualti hucheki kichwa, juu hawaangalii kile sisi huangalia. Sisi huangalia damu. Mtu akiwa na shati nyekundu tunapiga nduru, akiwa hana kitu tunamwambia ashukuru Mungu aende akalale. Lakini ngozi ya kichwa imejaa mishipa, so kidonda cha inchi moja kinaweza kumwaga damu ka bomba ya kaunti imepasuka, na ubongo uko sawa kabisa. Kinachoua watu kiko ndani, na hakionekani kwa macho.

Fikiria fuvu ka sanduku la mfupa. Ndani kuna vitu tatu: ubongo, damu, na maji kidogo ya kuukinga. Sanduku halitanuki. Pale kando ya kichwa, karibu na sikio, mfupa ni mwembamba, na nyuma yake kunapita mshipa wa damu wenye presha. Ukigongwa hapo mfupa unaweza kupasuka na kuchana huo mshipa. Damu inaanza kujikusanya. Mwanzoni ubongo unajipanga: unasukuma yale maji nje kidogo, unasukuma damu ya kawaida nje kidogo, unapata nafasi. Hapo ndio msee anaongea, anacheka, anatusi. Halafu nafasi inaisha. Kutoka hapo kila tone linaongeza presha vibaya sana, na ubongo unaanza kusukumwa chini kuelekea kwa lile tundu la uti wa mgongo, pale mitambo ya kupumua iko. Mtu anaweza toka kwa stori hadi kukoroma bila kuamka kwa muda mfupi tu.

Kwa hivyo "anaongea vizuri" haimaanishi ameponea. Inamaanisha saa hii anaongea vizuri. Kasualti wanataka kujua ka kuna kitu kinabadilika.

Ukifika, kitu ya kwanza itakukasirisha. Beshte amegonga kichwa, na daktari ama CO anaanza kucheki koo, kifua na presha. Watu hugombana hapo. "Si kifua, ni kichwa!" Tulia. Ubongo ulioumia hauwezi kuvumilia kukosa hewa wala presha ya damu ikishuka. Hiyo ni kugongwa mara ya pili, na hii ya pili ndio hosi inaweza kuzuia. Ile ya kwanza ilishatokea barabarani. So wanahakikisha njia ya hewa iko wazi, oksijeni inaingia, na damu haivuji mahali pengine ka tumbo ama paja. Msee akiwa na jeraha la kichwa na presha iko chini, wanatafuta damu kwingine mwilini, juu kwa mtu mzima kuvuja ndani ya fuvu pekee hakuwezi kushusha presha hivyo. Hakuna nafasi ya damu mob hivyo.

Shingo nayo inafungwa ile kola ngumu. Kitu imegonga kichwa kwa nguvu hivyo inaweza kuwa imevunja shingo pia. Na hapa wacha niseme kuhusu sisi watu wa mtaa: hatuogopi kusaidia, hiyo ni poa, lakini kumkunja mtu ka gunia ya makaa nyuma ya gari si kusaidia. Kama anapumua na hakuna moto wala magari yanakuja, mwacheni pale pale, mtu mmoja ashike kichwa na shingo zisisonge, mwingine apige 999 ama 1199 ya Red Cross. Helmeti pia msiivute tu kwa fujo.

Halafu zinakuja zile maswali zinakaa za ujinga. "Unaitwa nani? Leo ni siku gani? Hapa ni wapi? Finya mkono wangu. Sasa achilia." Hiyo si kupiga stori. Hiyo ni hesabu. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo ambacho mpaka leo kinatumika karibu kila hosi duniani. Kinaangalia vitu tatu. Macho yana alama 4, kuongea 5, na kusonga 6. Ukiwa mzima kabisa una 15. Ya chini kabisa ni 3, hakuna sufuri, hata ukuta ungepata 3.

Tuseme beshte yako amefunga macho lakini anafungua ukimwita. Hiyo ni 3 ya macho. Anaongea sentensi, lakini anadhani ni Jumatano na mko Nakuru. Hiyo ni 4. Ukimwambia ainue mkono anainua, 6. Jumla 13. Kutoka 13 hadi 15 wanaita jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka ni baya. Akifika 8 kawaida anawekewa mpira wa kupumua, juu mtu wa kiwango hicho hawezi kujikinga akitapika, inaingia kwa mapafu.

Lakini namba moja peke yake haisemi mob. Aliyefika na 15, saa moja baadaye akawa 13, anawatisha madaktari kuliko aliyefika na 13 na sasa ako 15. Ndio maana nesi anarudi kila nusu saa na maswali zile zile hadi beshte yako anachoka. Akirudi usimfukuze. Na kama wewe umeona kitu imebadilika na nesi hajafika, inuka umtafute. Wewe ndio unajua vile huyo msee huongeanga siku zote.

Pia wanamulika tochi kwa macho. Mboni zinafaa kuwa sawa na zijifinye zikiona mwanga. Moja ikiwa imefunguka kubwa na haisongi, inaweza kuwa ubongo unafinya neva ya jicho upande huo. Hapo hakuna kungoja. Presha nayo ikipanda huku moyo unapiga polepole na pumzi haina mpangilio, ni dalili kwamba sanduku limejaa. Wataangalia nyuma ya masikio ka kumekuwa bluu, macho ka yamevimba meusi yote mawili ka amevaa miwani ya jua, na ka kuna maji maji yanatoka puani ama masikioni. Hizo ni ishara mfupa wa chini ya ubongo umepasuka. Ukiona hayo maji usizibe na pamba. Panguza kwa nje tu.

Sasa tuongee kuhusu keroro, juu hapa ndio naona watu wakidedi bure.

Wikendi, nusu ya wasee wameangushwa na nduthi ama wamepigwa chupa kwa klabu wananuka pombe. Mtu anakoroma, mnasema "ametei tu, mwacheni alale, kesho atakuwa sawa." Shida ni kwamba mtu ametei na mtu damu inamjaa kwa kichwa wanafanana kabisa. Wote wanatapika, wote wanaongea mambo haieleweki, wote wanapepesuka, wote wanadoz wakiguswa. Kwa hivyo sheria ya kasualti ni moja: ka kuna kichwa kimegongwa, usilaumu pombe mpaka umeondoa hiyo ingine. Pombe inafaa kupungua na masaa, mtu anaamka zaidi. Akizidi kuzama, hiyo si pombe. Na kabla hata ya hapo wanamtoboa kidole wapime sukari, juu sukari ikishuka pia mtu anakaa mlevi, na inatibiwa kwa dakika chache.

Hii inahusu pia makarao na masoja wa klabu. Mlevi mwenye uvimbe kichwani akifungiwa seli ama akilazwa kwa pavement "apunguze", anaweza kosa kuamka, na hakuna mtu alikuwa anamcheki.

Kitu inafuata ni skani ya CT. Wengi huuliza mbona si eksirei ya bei rahisi. Eksirei inaonyesha mfupa, na ubongo hauko kwa hiyo picha. Mfupa unaweza kuwa mzima na damu iko ndani. CT inachukua dakika chache na inaonyesha damu papo hapo. MRI ni ya polepole, hiyo si ya usiku wa kwanza.

Si kila mtu anahitaji CT, na daktari akikuambia huhitaji si lazima iwe ni ubahili. Wanaotakiwa kupigwa haraka ni wale wako chini ya 13 wakifika, wale hawajarudi 15 baada ya masaa 2, wale fuvu linaonekana limebonyea ama limepasuka, waliotapika zaidi ya mara moja, walioshikwa na kifafa baada ya kugongwa, na wale mkono ama mguu umekosa nguvu. Wazee wa 65 kuenda juu na watu wanatumia dawa za kupunguza damu kuganda wanaangaliwa kwa makini zaidi hata ka waligonga kidogo. Pia vile uligongwa: mtu wa miguu kugongwa na gari, ama kurushwa kutoka kwa gari, si sawa na kugonga kichwa kwa mlango wa mathree. So ukiulizwa iliendaje, usifupishe na "alianguka tu". Sema alirushwa mita ngapi, alizima kwa muda gani, ametapika mara ngapi, na saa ngapi. Hizo ndio zinaamua.

Halafu doh. Hii ndio inafanya watu waogope kuingia. CT ni maelfu ya shilingi, na kuna mahali wataanza na pesa kabla hata ya kumgusa mgonjwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikarudia hiyo na kuweka adhabu kwa hosi inayokataa. Haimaanishi bili haitakuja. Inamaanisha kwanza wamtulize, wazuie asiharibike, halafu ka hawana mashine wampeleke kwenye iko. Sema hiyo kwa upole lakini iseme. Kifungu cha 43, sehemu ya 2. Ishike kichwani ka PIN.

Na sheria kwa karatasi haimaanishi kitanda kiko. Oktoba 2015 mwanaume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi masaa 18, akizungushwa Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU. Alikufa. Nchi nzima iliongea kuhusu hiyo stori, na bado vitanda vya ICU ni vichache kuliko watu wanavihitaji. Ndio maana kufika mapema, ukiwa bado 15 ama 14, ni tofauti kubwa na kufika ukiwa 7.

Kitu ingine: usimwache beshte yako pekee yake. Mwanzo wa 2018 Kenyatta walimfungua kichwa mgonjwa hakufaa kufunguliwa, juu wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alikuwa na damu imeganda kwa ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe tu wa kutibiwa bila kisu. Mtu hajitambui hawezi kusema "mimi si huyo". Angalia ile lebo ya mkono iko na jina lake. Ka hana kitambulisho, toa yako ya kumjua: majina, miaka, dawa anatumia, magonjwa ako nayo.

Wakipata damu ndani, matibabu yenyewe hayakai ya muvi. Kichwa cha kitanda kinainuliwa kama nyuzi 30 ndio damu ishuke vizuri. Oksijeni, presha, sukari, joto, vyote vinalindwa. Kuna dripu za kuvuta maji kutoka kwa ubongo uliovimba, ka manitoli ama maji ya chumvi nzito. Kuna dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, na utafiti mkubwa wa 2019 ulionyesha inasaidia ikidungwa ndani ya masaa 3, hasa kwa wale hawajaumia vibaya kabisa. Masaa 3 tangu kugongwa, si tangu kufika. Hizo masaa zinaanza kuisha ukiwa bado unabishana kwa base. Steroidi nazo zilitumika miaka mingi watu wakidhani zinapunguza uvimbe, mpaka 2004 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000 ukaonyesha zinaongeza vifo. Zikaachwa. Na ka damu ni mob, ni chumba cha upasuaji, fuvu linafunguliwa na damu inatolewa. Yule wa mshipa wa kando ya kichwa, akifunguliwa kabla mambo kuharibika, anaweza kurudi kuwa yeye kabisa. Hiyo ndio inaumaga zaidi kwa wale wanachelewa.

Wengi lakini hawafiki huko. Wengi wanaangaliwa masaa kadhaa na wanaambiwa waende keja, na hapo kuna mambo yake. Lazima kuwe na mtu mzima wa kukaa naye masaa 24, na huyo mtu asiwe amelewa. Ile story ya "usimwache alale" haiko vile tunaisema. Akishaangaliwa na kuruhusiwa anaweza kulala, ubongo unahitaji usingizi. Kitu ni uweze kumwamsha, na akiamka awe anakujua. Kulala bila kuangaliwa na mtu yeyote ndio hatari. Mchekeshaji wa Marekani Bob Saget, Januari 2022, aligonga nyuma ya kichwa, familia ikasema hakuona ka ni kitu, akaenda kulala kwa hoteli. Hakuamka.

Mrudishe hosi mbio ka maumivu ya kichwa yanazidi hata baada ya Panadol, ka anatapika, ka ako na usingizi wa ajabu saa za mchana, ka anachanganya watu, ka anaona vitu mbili mbili, ka ameshikwa na kifafa, ka mkono ama mguu umelegea, ama ka maji yanatoka masikioni. Asikunywe pombe. Asimeze ibuprofen ama aspirini hizo siku za kwanza mpaka aulize daktari, juu zinaweza kuongeza kuvuja. Asiendeshe gari ama nduthi mpaka awe sawa. Na ka ni mchezaji, awe wa ragbi, boli ama ndondi, asirudi uwanjani siku hiyo hiyo hata kocha akilia. Kichwa kuuma, kusahau, hasira za bure na mwanga kumsumbua vinaweza kukaa siku ama wiki kadhaa. Hiyo si uvivu, na bosi wake anafaa kuambiwa hivyo.

Helmeti? Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nduthi ulipata inapunguza majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69 na vifo kwa kama 42. Ka shida yako ni harufu ya ile ya abiria, nunua yako. Nywele itarekebishwa.

Mwisho kuna wazee na watu wa keroro ya kila siku. Kwao ubongo umepungua kidogo ndani ya fuvu, mishipa midogo inavutika na inachanika kirahisi. Guka anaweza teleza kwa bafu, akaamka, akakunywa chai, na damu ikavuja polepole wiki mbili, tatu, bila mtu kujua. Halafu anaanza kusahau majina, kukosea njia, kuburuta mguu, na nyinyi mnasema ni uzee. Ulizeni ka alianguka mwezi huu. Kama alianguka, mpeleke apigwe CT, juu hiyo damu ya polepole mara nyingi hutolewa kwa kutoboa shimo ndogo tu kwa fuvu, na kuna waguka huanza kuita wajukuu kwa majina tena siku chache baadaye.